Mama yake Kunta Kinte na zile hapana zake

Ilianza hivi. Nilikuwa naangalia How to Get Away with Murder sizoni ya kwanza, najua nimechelewa miaka na miaka, msinicheke, nikafika ile episodi mama yake Annalise, yule mwanasheria ambaye ndo mhusika mkuu, anakuja kumtembelea. Anaingia bibi mmoja mwembamba, umbo dogo, mdomo mkali, anamwita binti yake Anna Mae, jina ambalo binti mwenyewe alishalikimbia siku nyingi. Mama yangu alikuwa anapita tu sebuleni anaenda zake kulala, akasimama, akaangalia kidogo akasema, "Huyu si mama yake Kunta Kinte?"

Nikabisha. Nikamwambia mama, Roots, ile tamthilia ya utumwa yenye Kunta Kinte, ni ya mwaka 1977, yule atakuwa alishafariki zamani, wewe umefananisha. Akasema sifananishi. Basi nikagoogle ili nimkomeshe, na niliyekomeshwa ni mimi. Cicely Tyson. Aliyemzaa Kunta Kinte kwenye Roots ndo huyuhuyu, na hiyo episodi ya Annalise ilivyorushwa Februari 2015 alikuwa ana miaka 90. Tisini jamani, na maneno yote yale kayashika kichwani na bado anamfunika kila mtu aliyepo kwenye sini!

Toka siku hiyo nimekuwa kama nimelogwa na huyu bibi. Nimetafuta muvi zake, nimesoma kitabu chake, nimeangalia intavyuu mpaka nyingine nazikariri. Na kitu kimoja kinanijia kila nikimfikiria, kwamba watu wanasimulia maisha ya mastaa kwa kutaja vitu walivyocheza, ila huyu ukitaka kumuelewa inabidi uangalie vitu alivyokataa kucheza.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kazaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, wazazi wote wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, kakulia Harlem. Nyumba ilikuwa ya kanisa kanisa, yaani Jumapili yote kanisani na katikati ya wiki kanisani, na muvi zilikuwa dhambi kabisa, mama yake hataki hata kuzisikia. Wazazi wakaachana, mama akawa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu ili watoto wale. Cicely mwenyewe akapata mimba akiwa na miaka 17, akaozwa haraka haraka, ndoa haikudumu. Mtoto wa kike alimlea ila alimficha na macho ya watu maisha yake yote, hata kwenye kitabu jina la kweli la mtoto hakuliweka. Hiyo nilimheshimu sana, maana kipindi hiki kila kitu ni cha kupost.

Sasa alikuwa anafanya kazi Red Cross, kazi ya kuchapa taipu. Kuna siku akanyanyuka pale mezani akasema Mungu hakuniumba mimi nije kugonga taipureta mpaka nife. Sijui wenzake walimuangaliaje siku hiyo, mimi ningemwambia dada kaa chini tarehe mosi kodi inadaiwa. Ila aliondoka kweli. Akaingia kwenye umodo, akawa anatoka kwenye majarida kama Ebony, na huko ndo uigizaji ukamkuta, hakuwa ameutafuta.

Mama yake aliposikia binti anataka kuigiza akamwambia basi humu ndani hukai. Akamfukuza. Na walikaa kama miaka miwili hawaongei. Mama alikuwa anaamini kabisa mtoto amekwenda kuuza mwili, maana kwa yeye waigizaji na hao wengine ni kapu moja. Baadaye alikuja kumuona jukwaani, wakapatana. Ila huo mgogoro wa mama, mimi nadhani ndo uliomjenga, kwa sababu ukishamwambia mama yako mzazi hapana, na mama mwenyewe wa namna ile, dairekta gani tena atakutisha?

Haya, nywele. Lazima niongelee nywele.

Mwishoni mwa miaka ya 50 alipata kipindi cha tv, anaigiza mke wa Kiafrika ambaye anataka kushika asili yake. Tv ya wakati ule ilikuwa laivu, hakuna kurudia. Cicely akakaa akawaza, huyu mwanamke ninayemuigiza hawezi kuwa na nywele zilizonyooshwa kwa chanuo la moto. Akaenda kwa kinyozi hapo Harlem akamwambia kata, kata zote, halafu zioshe zirudi kwenye hali yake. Kesho yake akatokea kazini hivohivo. Halafu mwaka 1963 akapata kazi kwenye tamthilia ya CBS inaitwa East Side/West Side, staa akiwa George C. Scott kama mtu wa ustawi wa jamii na Cicely ni sekretari wa ofisi, na huko nako akaenda na kipilipili chake kifupi kila wiki sebuleni kwa Wamarekani. Leo tunaona kawaida. Mwaka 1963 mwanamke mweusi kwenye tv ya Marekani, kwanza kuwepo tu na asiwe mfanyakazi wa ndani ilikuwa habari, sembuse na nywele zake mwenyewe! Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba wasusi walimwandikia barua kulalamika, wateja wanakata nywele, biashara inakufa. Hiyo tamthilia haikudumu, sizoni moja tu wakaikata, kuna stesheni za kusini zilikuwa hata kuirusha hazitaki.

Sasa rudi kwenye ile episodi ya 2015. Annalise, mwanasheria mkubwa, kavua wigi, kakaa chini katikati ya magoti ya mama yake, na bibi anamchana nywele taratibu huku anamwambia mambo mazito ya familia ambayo siwaharibii kama hamjaangalia. Kila aliyewahi kusukwa na mama yake anaujua ule mkao, shingo inauma na huruhusiwi kugeuka. Mara ya kwanza niliona ni sini nzuri tu, mara ya pili, nikiwa nishajua ya 1963, nilizima tv nikakaa kimya. Miaka 52 hiyo, na mikono ileile.

Nisikimbie. Katikati hapo kuna The Blacks, mchezo wa jukwaani ulioanza 1961 New York, ukaendelea maonyesho zaidi ya 1,400. Angalieni waliokuwemo: James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr., na yeye. Wote hao hawajawa mtu yeyote bado. Huyo James Earl Jones mshikilieni, nitarudi kwake.

Kilichomfanya awe Cicely Tyson tunayemjua ni Sounder, 1972. Familia ya weusi wakulima wa kugawana mavuno, Louisiana, miaka ya 30, njaa, baba anaiba nyama ili watoto wale, anafungwa. Walitaka kumpa nafasi ya mwalimu, yeye akataka ya Rebecca, mama wa familia. Wakamwambia wewe bado mdogo, mzuri mno, hufai. Umri wenyewe hapo alikuwa na 47 ila hakuna aliyejua, maana toka anaanza alishauriwa ajipunguzie miaka na akajipunguzia kweli, kwa miaka mingi sana dunia ilimhesabia vibaya. Akangoja, mwisho wakampa Rebecca. Na kuna ile sini mume anarudi, yupo mbali kabisa barabarani anachechemea, yeye anamuona anaanza kukimbia, anakimbia mikono kaitanua, kamera imekaa mbali, huoni hata sura vizuri, na unalia. Mi nimelia. Kaka yangu amelia akasema ana mafua.

Akapata nomineshen ya Oscar ya muigizaji bora wa kike, mwaka uleule na Diana Ross, ndo mara ya kwanza wanawake weusi wawili kuwa kwenye kundi hilo pamoja. Akashinda Liza Minnelli. Sawa.

Ila stori yenyewe haiko kwenye Oscar. Alikuwa anazunguka kuitangaza hiyo Sounder, sehemu moja mwandishi wa habari, mzungu, akanyoosha mkono akamwambia kuna kitu kilinisumbua humo ndani, yule mtoto mkubwa anamwita baba yake "Daddy". Cicely akamuuliza kwani wa kwako wanakuitaje? Akasema Daddy. Halafu kukawa kimya. Yaani huyu baba wa watu, msomi tu, alikuwa hajawahi kufikiria kwamba mtoto mweusi anamwita baba yake kama wa kwake wanavyomwita. Cicely alisema hapo ndipo alipoamua, kwamba hawezi tena kufanya hii kazi kwa ajili ya kuigiza tu. Kuanzia hapo akawa anakataa. Malaya, hapana. Mlevi wa dawa asiye na ndani wala nje, hapana. Yaya wa kuchekesha, hapana. Alikuwa anasema akisoma skripti ama ngozi inamsisimka ama tumbo linavurugika, na ikiwa tumbo basi anairudisha.

Mnajua hiyo maana yake nini kifedha? Kipindi hicho Hollywood zilikuwa zinatoka muvi za weusi kwa mkupuo, za mabastola na madanguro, hela ipo, na mastaa wenzake wengi walikuwa humo. Siwalaumu, watu wanakula. Ila yeye alikaa nyumbani, kuna vipindi virefu tu alikaa bila kazi, akiwa na nomineshen ya Oscar kabatini. Halafu hata hizo nzuri zenyewe zilikuwa hazilipi. Tyler Perry, yule mtengeneza muvi, aliwahi kusimulia kwamba bibi alimwambia Sounder alilipwa dola 6,000, basi. Perry akaumia, akaja kumlipa dola milioni moja kwa kazi ya siku moja kwenye muvi yake. Kuna watu wanamsema sana Tyler Perry na mimi nimo, muvi zake zingine mnh, lakini kwa hilo nilimpa tano.

Baada ya Sounder ikaja ile kubwa yenyewe, The Autobiography of Miss Jane Pittman, muvi ya tv, CBS, Januari 1974. Imetoka kwenye riwaya ya Ernest J. Gaines. Mwanamke anazaliwa utumwani na anaishi mpaka wakati wa harakati za haki za weusi, Cicely anamuigiza toka ana ishirini na kitu mpaka ana miaka 110. Mekapu walifanya Stan Winston na Rick Baker, wakiwa bado vijana, hawa baadaye walikuja kuwa miungu wa mekapu Hollywood. Lakini mekapu ni ngozi tu. Yeye alikwenda kwenye nyumba za kulelea wazee akakaa na mabibi, akaangalia wanavyonyanyuka, wanavyoshika kikombe, pumzi inavyokatika katikati ya sentensi. Mwisho wa muvi bibi wa miaka 110 anatembea na mkongojo peke yake kuelekea bomba la maji la mahakama ambalo ni la wazungu tu. Polisi wanaangalia, watu wanaangalia. Na anatembea polepole kweli, hawakukata, wamekuachia umsindikize hatua kwa hatua. Anafika, anainama, anakunywa. Basi, anageuka anarudi kwenye gari.

Mnaweza kuitafuta hiyo sini peke yake, ila naomba muangalie muvi nzima ndo mfike hapo.

Akabeba Emmy mbili, tuzo kubwa za tv, usiku mmoja kwa kazi hiyo moja. Lakini mshindi mwingine wa hiyo muvi alikuwa mtoto wa kike mweusi, maskini wa kutupwa, huko Central Falls, Rhode Island, aliyekuwa anaangalia kwenye tv mbovu ya kwao akamuona mwanamke mwenye sura kama ya kwao, akasema na mimi nataka hicho. Huyo mtoto ni Viola Davis. Annalise mwenyewe! Ndo maana ile sini ya nywele ina uzito ambao skripti peke yake haiwezi kuuleta, yule aliyekaa chini kwenye magoti alikuwa amemsubiri yule bibi toka utotoni. Na kitabu cha bibi, utangulizi kaandika Viola.

Roots yenyewe ilirushwa Januari 1977 usiku nane mfululizo, na nikiri tu, Binta, huyo mama yake Kunta, yupo mwanzoni, si nafasi kubwa. Anajifungua, anamlea, mtoto anakamatwa, basi sisi tunasafiri na Kunta yeye anabaki. Nilimwambia mama hivo, kwamba kumbe kaonekana kidogo tu, akaniambia "kwani mimi nilimhesabia dakika?" Nikanyamaza.

Halafu kuna Harriet Tubman, yule aliyetorosha watumwa, aliyemuigiza 1978, na Coretta King, mke wa Martin Luther King, mwaka huohuo, na Marva Collins yule mwalimu wa Chicago 1981. Ukiangalia orodha unaona huyu mama alikuwa anachagua watu wa kuwasimamia, na nyingi ni za tv siyo sinema, maana sinema ilikuwa haimpi.

Sasa Miles Davis. Hapa ndo nashikwa kigugumizi. Mpiga tarumbeta mkubwa, hakuna ubishi, walikuwa pamoja miaka ya 60, sura yake Cicely ipo kwenye kava la albamu ya Sorcerer ya 1967. Jamaa akamuacha akaoa mwingine. Akaja kurudi, ameharibika na madawa, mgonjwa, na huyu huyu mwanamke asiyekubali skripti ya kumdhalilisha akampokea, akamuuguza, akamsimamia mpaka akashika tarumbeta tena, wakaoana 1981. Na jamaa akaendelea na wanawake. Wakaachana 1989. Kwenye kitabu anamuongelea kwa upole ambao mimi ulinikera, nilikuwa nasoma nafunga kitabu nafungua. Nilitaka amtukane hata kidogo. Hakumtukana. Anasema alimuona mtu mwenye haya na maumivu chini ya ule ukali. Sawa bibi, wewe ulikuwepo mimi sikuwepo, lakini tumbo langu mimi lingevurugika.

Miaka ya 80 na 90 nitapita haraka, kazi zilikuja moja moja, akapata Emmy nyingine 1994, akaonekana kwenye Fried Green Tomatoes, alikuwa anasaidia sana mambo ya vijana na sanaa, kuna shule ya sanaa East Orange, New Jersey ina jina lake na siyo jina tu, alikuwa anakwenda kukaa na wanafunzi.

Ninachopenda ni uzeeni. Kuna muvi ya 1985 inaitwa The Trip to Bountiful, Geraldine Page ndo aliigiza, bibi anayetoroka nyumbani kwa mwanae kwenda kuona kijiji alichokulia kabla hajafa. Cicely alipoiona akamwambia wakala wake, nitafutie Trip to Bountiful yangu halafu nitastaafu. Miaka ikapita, ishirini na kitu. Mwaka 2013 ikaja kweli, Broadway, jukwaani, yeye ndo bibi mwenyewe. Alikuwa hajapanda Broadway miaka 30. Kuna sehemu bibi anaimba Blessed Assurance, ule wimbo wa kanisani, na watu ukumbini wakawa wanaimba naye, kila siku, hawajaambiwa. Fikiria mtoto wa yule mama aliyesema maigizo ni dhambi, anaongoza ibada ndani ya ukumbi wa maigizo. Akashinda Tony, tuzo kubwa ya jukwaani, akiwa na miaka 88.

Na hakustaafu! Aliahidi na hakustaafu. 2015 akarudi tena Broadway na The Gin Game, mchezo wa watu wawili tu, wazee wanacheza karata kwenye nyumba ya wazee wanagombana, na mwenzake nani? James Earl Jones. Miaka 54 baada ya The Blacks. Yeye 90, jamaa 84, maonyesho wiki nzima.

2016 Obama akamvalisha medali ya heshima ya rais, 2018 wakampa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa hiyo, akiwa na 93. Ningependa wangempa ile ya Sounder, 1973, lakini ndo hivo.

Kitabu chake Just As I Am kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Bado alikuwa anafanya intavyuu za kukitangaza, mtangazaji Gayle King akamuuliza ungependa ukumbukwe vipi, akajibu kwa kifupi kwamba nimefanya kadri ya uwezo wangu, ni hayo tu. Tarehe 28 akafariki. Siku mbili, ana miaka 96.

Juzi Jumapili nikamuwekea mama Jane Pittman, nilitaka aione ile sini ya bomba. Ilivyofika bibi anatembea na mkongojo mama akawa anasogea mbele kwenye kochi, anasogea, mpaka amekaa ukingoni kabisa. Alipokunywa maji mama akashusha pumzi, akaniambia niirudishe nyuma kidogo. Nikairudisha. Akasema, "Tena."